Neno Lake Halikuwa Tusi, Tusi Lilikuwa Kicheko Chetu

Wasee, leo sina vichekesho. Kama umekuja kucheka, kuna klipu zingine huko chini. Hii ni ya kuongea.

Mwaka jana niliposti video fupi, sekunde kumi na moja tu. Mama mmoja wa Uganda alikuwa ameshusha matooke yake hapa Soko Posta, Busia. Alikuwa mgeni mpakani, unajua tu vile mtu mgeni huangalia huku na huku. Alitaka kwenda kutafuta chenji. Akamgeukia kijana wa mkokoteni, akamwambia kwa heshima zote: "Ssebo, kuuma matooke yangu, nakuja."

Simu yangu ilikuwa inarekodi tayari. Kijana alianguka chini kwa kicheko. Mimi pia nilicheka mpaka simu ikatikisika.

Kwa Kiganda, kuuma ni kulinda, kutunza. Mlinzi wa geti kule anaitwa omukuumi. Mama alikuwa anasema tu, "Nichungie hii mali." Lakini ondoa u moja hapo na wewe mwenyewe unajua Mkenya amesikia nini. Ni lile neno ambalo ukilitamka mbele ya mamako, unakula kofi kabla hujamaliza.

Video ilienda. Kwangu mimi, mtoto wa Busia mwenye wafuasi wachache, ilienda sana. Nitarudi hapo.

Kwanza tuelewane, sisi watu wa mpaka tunapenda hii michezo ya maneno. Hata "bodaboda" ni neno letu. Lilianza na vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine, sasa linatumika Afrika Mashariki yote. Ukivuka tu, majina yanabadilika. Matatu inakuwa taksi. Ugali unakuwa posho. Chapo dondo inakuwa kikomando. Ukiitisha Rolex huku utaulizwa kama umeshinda Sportpesa, kule unapewa chapati imekunjwa na mayai. Karatasi ya plastiki ni kavera, na tangu Kenya ipige marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, hilo ni neno ambalo hapa mpakani husemwa kwa sauti ya chini.

Hiyo ni raha. Hakuna mtu analia juu ya kikomando.

Shida inaanza tukifika kwa matusi, na si sisi wa kwanza. Waangalie Mwingereza na Mmarekani. Wanasema lugha moja, vitabu wanasoma vilevile, lakini Mmarekani anafunga kamkoba kiunoni na kukaita "fanny pack" bila wasiwasi. Kwake "fanny" ni makalio, neno ambalo hata nyanya anaweza kulisema. Kwa Mwingereza, hilo neno ni sehemu ya mbele ya mwanamke, tena kwa njia chafu. Yeye kamkoba hako anakaita "bum bag". Sasa fikiria Mmarekani ametua London, anauliza watu kwa sauti wapi atanunua fanny pack. Ni mama wa matooke huyo huyo, tofauti ni pasipoti tu.

Na kabla Mkenya aanze kujiona ametulia, ngoja nikwambie jambo. Sisi pia tunawatukana Waganda kila siku na hatujui. Neno letu "maana", lile tunaloweka kila sentensi, kwa sikio la Mganda liko karibu sana na jina la Kiganda la sehemu hiyo hiyo. Beste yangu wa Sofia, upande ule, aliniambia mwalimu wao wa Kiswahili alipoandika ubaoni "Toa maana ya maneno yafuatayo", darasa zima liliinama chini ya madawati. Mwalimu alikuwa Mkenya. Hakuelewa mpaka leo.

Lakini hakuna aliyemrekodi mwalimu huyo. Hakuna aliyemfuata sokoni akimpigia kelele "Maana! Maana!"

Mama wa matooke alifuatwa. Hiyo ndiyo sehemu sikuposti. Ndani ya wiki moja, vijana walikuwa wanamwita kwa lile neno, sio lake la u mbili, letu la u moja. Anashusha ndizi, mtu anapiga kelele kutoka kwa kibanda. Anapita, pikipiki inapunguza mwendo, wanacheka, wanaondoka. Mwenzake wa sokoni aliniambia kwamba mwanzoni mama alikuwa anatabasamu, alidhani wanamsalimia. Halafu mtu akamtafsiria. Baada ya hapo hakuvuka tena.

Niliifuta hiyo video. Lakini nyinyi mnajua intaneti, kuna watu waliipakua na bado inazunguka ikiwa na muziki juu yake.

Sasa mtu ataniambia, "Buda, ilikuwa jokes tu, hakuna aliyemtukana." Hapo ndipo tunatofautiana. Mama alisema neno safi, kwa nia safi. Sisi tukalichukua, tukalichafua, tukamrudishia. Kama kuna mtu alitukana siku hiyo, ni mimi na wewe uliyeshea.

Tusi halikai kwa kamusi. Sisi Wakenya tunalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, tume ya NCIC ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na ndani yake mlikuwa na "madoadoa" na "kwekwe". Mpe Mganda anayejifunza Kiswahili hayo maneno, atakwambia moja ni alama kwa nguo na lingine ni magugu shambani. Ni kweli kabisa. Lakini mtu wa Bonde la Ufa anayekumbuka nyumba zilizochomwa akisikia "madoadoa", mwili unasisimka. Neno safi limekuwa kisu kwa sababu ya nia ya waliolitumia. Kwa hivyo tusijifanye hatujui jinsi hii kitu inafanya kazi.

Kuna jambo lingine nililifunza Malaba, na hili ndilo lilinikalisha chini. Nilikuwa pale kwenye foleni ya malori, nikapiga kelele kumwita mzee mmoja Mteso kutoka upande wa Tororo, "Wewe! Kuja hapa!" Nilitaka tu kumuuliza bei ya mihogo. Mzee alisimama wima kama mtu ameshikwa. Alipotulia akaniambia polepole, "Kijana wangu, hicho Kiswahili chako nilikisikia mara ya kwanza kikitoka kwa askari wa Amin."

Mimi nilizaliwa na Kiswahili cha katuni, cha redio, cha mama akiniimbia. Yeye alikipata kikiwa amri: lala chini, leta, toa. Idi Amin alitawala Uganda kutoka 1971 hadi 1979, na lugha ya kambi za jeshi ilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana kwa miaka mingi wazee wengi kule walikiona ni lugha ya wanajeshi na wezi. Serikali yao ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likataka kifunzwe shuleni kwa lazima. Lakini karatasi ya Kampala haifuti kile mzee alisikia akiwa kijana. Kwa hivyo sikumwambia tusi lolote, na bado nilimtukana. Mganda angetanguliza "ssebo". Mimi nilitanguliza "wewe".

Tangu kituo cha pamoja cha mpaka kifunguliwe rasmi hapa Busia mwaka 2018, msafiri anakaguliwa upande mmoja tu halafu anaendelea. Sisi wa kelele za mtaani tunaweza kufanya hata rahisi zaidi ya hapo. Mtu wa ng'ambo akisema neno likakushtua, muulize kwanza anamaanisha nini. Ukicheka, cheka naye baada ya kumwelezea, si juu yake. Na kama simu inarekodi, izime.

Kwa wale mko na ile klipu ya matooke, mnajua ni gani. Ifuteni. Sisemi mniposti mkiifuta, sitaki hiyo. Futa tu.

Na kama unamjua mama huyo, mwambie arudi Soko Posta. Mwambie kuna kijana anataka kuuma matooke yake, kwa u mbili, mpaka apate chenji.