Pampu ya Msimbazi nyuma ya trekta: hesabu ya kufanya kabla ya kutoa hela

Ukitaja Msimbazi, wengi wetu tunaiona rangi nyekundu ya Simba, maana makao ya klabu yako mtaa huo. Lakini ukishuka kwenye mwendokasi kituo cha Msimbazi Polisi na kutembea kuelekea Gerezani, unakutana na Msimbazi nyingine: ya mikanda iliyoning'inizwa, mota, puli, mipira ya maji, na pampu ndogo za pistoni tatu zilizopangwa mlangoni. Pampu za aina hiyo ndizo zinazoosha bodaboda, daladala na malori kando ya barabara karibu kila mji nchini. Na ndizo zilizozaa swali ambalo wasikilizaji wetu wenye matrekta wanatutumia kila baada ya mavuno, trekta likiwa limesimama chini ya mwembe: je, naweza kununua pampu peke yake, nikaifunga kwenye trekta, nikapata mashine ya kuoshea kwa presha?

Jibu fupi ni ndiyo, inawezekana. Mafundi wa kuchomelea wanaofahamu kazi yao wataifunga kwa siku moja. Jibu refu lina diseli ndani yake, na lina mikono ya watu.

Tuanze na pampu yenyewe. Hizi nyingi zilibuniwa kwa ajili ya kupulizia dawa mashambani. Waosha magari ndio waliozigeuzia kazi. Tazama kibandiko chake kabla ya kuuliza bei. Kitakuambia mambo matatu: presha kwa kipimo cha bar, maji kwa lita kwa dakika, na mizunguko inayotakiwa kwa dakika. Pampu ya kawaida ya aina hii hutoa lita 14 hadi 22 kwa dakika, presha yake hufika bar 30 na kidogo, na inataka kuzungushwa mara 800 hadi 1,200 kwa dakika. Sasa chukua bar, zidisha kwa lita, kisha gawanya kwa 600. Utapata kilowati. Bar 30 mara lita 20 ni 600. Gawanya kwa 600, ni kilowati moja. Ongeza nguvu inayopotea kwenye mkanda na ndani ya pampu, unafika kama nguvu ya farasi 2.

Trekta lako lina nguvu ya farasi 50, pengine 75. Ni sawa na kukodi fuso kubeba debe moja la mahindi.

Debe litafika, ila fuso halinywi mafuta ya debe moja. Trekta la ukubwa huo, hata likizungusha kitu chepesi, linaweza kumaliza lita mbili hadi nne za diseli kwa saa, na kila mwezi EWURA inapotangaza bei mpya ndipo mwenye trekta anapokumbuka hesabu hiyo. Mota ya umeme ya nguvu ya farasi 2 ingefanya kazi ileile kwa kama yuniti moja na nusu kwa saa. Serikali inasema gridi imekwishafika karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na sasa nguvu imehamia vitongojini. Kwa hiyo anayefikiria kufungua sehemu ya kuoshea pikipiki pale senta ya kijiji, nguzo ikiwa mbele ya macho yake, tunamshauri alisahau trekta. Mteja mmoja wa pikipiki hawezi kulipia diseli hiyo, na saa za injini zinazoliwa hapo ni saa za kulima zilizopotea.

Wapo wenye kitu cha katikati. Tangu Kilimo Kwanza ilipozinduliwa mwaka 2009, pawatila ziliingia nchini kwa wingi. Mahali penye majaruba ya mpunga, kama Mbarali, zilipata kazi. Kwenye udongo mgumu zilishindwa kulima na nyingi zikaishia kuvuta tela au kukaa bandani. Injini ya pawatila, ya silinda moja na nguvu ya farasi 12 hadi 15, tayari ina puli na mikanda pembeni, na watu wameizoea kwenye mashine za kusaga na pampu za umwagiliaji. Kwa mzigo mdogo kama huu inaweza kutumia chini ya lita moja kwa saa. Kama unayo, hiyo ndiyo ya kufungia pampu. Angalizo moja: injini hiyo huzunguka hata mara 2,000 kwa dakika, basi puli ya pampu iwe kubwa kuliko ya injini, kiasi cha mara mbili, la sivyo utaichoma pampu mpya ndani ya wiki.

Lakini kuna mahali ambapo trekta ndilo jibu. Shamba liko mbali, umeme haupo, na trekta lenyewe ndilo linalotakiwa kuoshwa, pamoja na jembe, tela, au zizi la ng'ombe. Anayekodisha trekta kutoka shamba hadi shamba anabeba mbegu za magugu kwenye tope la matairi bila kujua, na ndoo na brashi haviondoi tope lililokauka ndani ya haro. Kwa kazi ya nusu saa namna hiyo, diseli haiumi sana.

Hapo sasa hesabu inageuka. PTO, yaani ile shafti inayotokeza nyuma ya trekta, huzunguka mara 540 kwa dakika injini ikiwa kwenye mwendo wake wa kazi. Pampu inataka kama 900. Puli ya upande wa trekta inatakiwa iwe kubwa: ikiwa ya pampu ni sentimita 12, ya trekta iwe 20. Na kwa kuwa mzigo ni mdogo, fundi mzuri ataweka ya trekta sentimita 30, kisha uendeshe PTO kwa mizunguko 360 tu. Injini inanguruma polepole, mafuta yanapungua. Huo ndio ujanja mkubwa kuliko yote katika kazi hii, na ajabu ni kwamba muuzaji wa pampu hatakuambia kwa sababu yeye hauzi diseli.

Tukifika kwenye hatari hatutanong'ona. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko tisa kwa sekunde. Kanga, mkono wa shati au kamba ya kiatu ikishikwa, shafti imekwisha kuizungusha mara tisa kabla hujamaliza kusema "zima". Watu wamepoteza mikono namna hiyo, wengine maisha. Shafti ifunikwe kwa kinga yake, mikanda iwekewe kava la bati, na asiwepo mtu wa kuruka juu ya shafti kwa sababu anafuata ndoo upande wa pili. Watoto wanaokuja kushangaa wakae mbali.

Hatari ya pili haionekani. Maji ya presha yanapenya ngozi. Hata bar 7 inaweza kutosha, na wewe una 30. Kidonda kinakuwa kitundu kidogo kama cha sindano, hakiumi sana mwanzoni, mtu anacheka na kuendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono unavimba, maana ndani yameingia maji machafu, pengine na dawa ya shamba. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, na mwelezeni daktari kwamba ni maji ya presha, asije akasafisha kitundu kwa spiriti na kumrudisha nyumbani. Usielekeze bunduki ya maji kwa mtu, usioshe gumboti ukiwa umezivaa.

Ukiamua kununua, Msimbazi ina tabia zake. Winga atakupokea kabla hujafika dukani. Kazi yake ni halali, ila kamisheni yake iko ndani ya bei yako. Ulizia spea za pampu ile kabla ya pampu yenyewe: sili na vali zinapatikana? Kisha dai risiti ya EFD. Tunajua suala la kodi limewahi kufunga maduka ya Kariakoo, Mei 2023 na tena Juni 2024, lakini bila risiti huna pa kushika pampu ikigoma. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, rejareja ikiwamo. Amri hiyo inahusu nani anasimama nyuma ya kaunta. Pampu nyingi bado zinatoka China kama zamani, na kibandiko ni chako kukisoma.

Usitoke dukani bila vali ya kurudisha maji, ile inayoyapitisha pembeni unapoachia kishikio cha bunduki. Pampu isiyo nayo hupasua mpira.

Halafu maji. Lita 20 kwa dakika maana yake pipa la lita 200 linakwisha kwa dakika kumi, na pampu ikivuta hewa sili zake zinaungua. Ndiyo maana wengi huishia kwenda mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na anayetaka kujua mto unaonekanaje watu wakiupuuza, autazame huohuo Mto Msimbazi pale Jangwani. Weka pipa mbili, moja ikijazwa nyingine ikitumika, na chimba shimo la kokoto la kupokea maji machafu, hasa siku ya kuosha bomba la dawa.