Mbwa Naye Atengewe Chungu Chake

Juzi nilipita shamba moja karibu na Gede, nikaona mbwa amelala kivulini, mbavu zake zahesabika. Mwenyewe alikuwa akilalamika kuwa kima wa msitu wa Arabuko-Sokoke wamemmalizia mahindi. "Mbwa huyu mvivu," akaniambia. Nikamuuliza amempa nini tangu jana. Akajibu: "Atajitafutia."

Ndugu wasomaji, ni mlinzi gani akeshaye na njaa, na asubuhi akatukanwa kwa uvivu?

Najua wenzangu watanicheka: aliyesoma chuoni leo atufundisha kumpikia mbwa! Naam, nilisoma. Nilifundishwa kuwa kwa sisi wa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mwalimu yule yule alitusomesha habari za Watu wa Pangoni, ambao mbwa wao hakusahauliwa katika Sura ya Al-Kahf. Akatusimulia pia juu ya mtu aliyeteremka kisimani, akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, naye akasamehewa madhambi. Najisi ni hukumu ya chombo na nguo; si ruhusa ya kumtesa kiumbe. Mtengee chungu chake na sahani yake, mambo yaishe.

Wengine watasema ni israfu. Hapana. Maini na matumbo twala wenyewe, wala sisemi watoto wanyimwe. Lakini buchani hubaki mapafu, bandama na vipande visivyo na mnunuzi. Vichemshe, uchanganye na sima au wali, mchicha au boga, na dagaa kidogo waliooshwa chumvi kwa ajili ya mifupa yake. Usitie kitunguu wala thomu, kwani humharibia damu. Mifupa iliyopikwa usimpe. Huvunjika ikawa miiba tumboni. Ini likipatikana lisizidi fungu moja katika kumi ya chakula chake, maana vitamini A ikizidi hudhuru.

Tena liko kubwa kuliko hayo. Siku ya kuchinja tuna desturi ya kumtupia mbwa pafu au ini bichi tuliloliona lina vifuko vya maji. Ndani ya vifuko hivyo mna wana wa mnyoo. Mbwa akivila, mnyoo hukua utumboni mwake, mayai yake yakatoka na kinyesi, yakashika mikono ya watoto wachezao uani. Mtoto akiyameza huota vifuko vile vile ndani ya ini au mapafu yake. Kule Turkana maradhi haya yaliwatesa watu hata AMREF ikaanza kampeni ya kuyapiga vita mwaka 1983. Kwa hivyo nyama yenye vifuko izikwe chini sana au ichomwe, na nyama nyingine ya mbwa ichemke dakika 40. Ampikiaye mbwa wake awakinga wanawe.

Wahenga wetu walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Ufuko wa mbwa wa shamba ni mkono wa bwana wake. Asiyeweza kumnyoshea mkono huo, basi asimfuge. Na kima wakija, atoke akawafukuze mwenyewe.