Ufa wa kompyuta uingie kwenye hesabu za kampuni

Mwekezaji anapokagua kampuni huuliza faida, madeni na gawio. Ni nadra kuuliza programu za kompyuta za kampuni hiyo zilikarabatiwa lini. Kwa maoni ya safu hii, swali hilo sasa lina uzito sawa na hayo mengine.

Tuchukue mfano wa mwaka 2005. PCRE ni maktaba ya programu iliyoanzishwa mwaka 1997 na Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Kazi yake ni kutafuta mpangilio wa herufi na tarakimu, kama vile kuhakiki kwamba namba ya simu ina tarakimu tisa baada ya 255. Mwandishi wa kanuni hutaja idadi ya marudio, na maktaba hupima kwanza nafasi ya kumbukumbu itakayohitajika.

Kasoro ilikuwa hapo. Idadi ikiwa kubwa kupita kiasi, hesabu ilifurika na kugeuka hasi. Ni sawa na karani wa ghala anayeandika mzigo unaoingia kana kwamba unatoka: daftari linaonyesha nafasi inatosha, kumbe magunia yatarundikwa juu ya mali ya mwingine. Mhalifu angeweza kupenyeza amri zake hapo.

Tiba ilikuwa fupi. Toleo la 6.2, la Agosti 2005, lilianza kukagua idadi inaposomwa na kukataa inayozidi 65,535. Lilitolewa bure.

Lakini PHP, Python na programu nyingine zilikuwa na nakala zao za PCRE. Kuziba ufa kwenye chanzo hakukuziba nakala hizo. Mfanyabiashara ambaye fundi wake hakuzibadilisha alibaki wazi bila kujua.

Wapo wanaosema kusimamisha mitambo kwa matengenezo ni kupoteza mauzo. Ni kweli, ila saa ya matengenezo huchaguliwa. Soko la Hisa la Dar es Salaam halifanyi biashara Jumamosi; dalali anaweza kuitumia siku hiyo. Saa ya kuvamiwa huchaguliwa na mwizi.

Tunashauri kila dalali na kila kampuni iliyoorodheshwa iwe na orodha ya programu zake na matoleo yake, ikaguliwe kama bidhaa za ghalani. Nao wanahisa waiulizie kwenye mkutano mkuu wa mwaka, kabla ya kupitisha hesabu.