Weka Mche Chini, Shika Panga

Kila Aprili Mosi, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, picha ni ileile. Mgeni rasmi ameinama kidogo, suti haijaguswa na tope, mwenyekiti wa kijiji ameshika ndoo ya maji, na nyuma yao watoto wa shule wanaimba "ukikata mti, panda mti". Mche wenyewe, huku kwetu Mbeya na Iringa, mara nyingi ni mpaina au mlingoti. Jioni idadi inapelekwa wilayani, na halmashauri iliyoagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka inakuwa imesogea hatua.

Kauli ile ya watoto ni ya uongo, na ni wakati mtu aseme hivyo. Inatufundisha kwamba mti ni kama noti ya elfu kumi: ukitumia moja, nyingine yoyote inajaza nafasi yake.

Mpaina tunaouona wetu asili yake ni Meksiko. Mlingoti na mwati ni wageni kutoka Australia. Shamba la Sao Hill kule Mufindi lilianza kupandwa 1939, na kampuni ya miwati ya Njombe ikaja 1949, kwa hiyo mzee wa miaka 70 amezaliwa akiikuta na hana sababu ya kuitilia shaka. Nami sina ugomvi na mashamba hayo. Mbao na nguzo za umeme zimejenga Mafinga na kulipa ada za watoto wengi. Lakini hilo ni zao, kama chai au viazi. Mkulima wa Mbozi akipanda mahindi hasemi anahifadhi mazingira. Mwenye ekari kumi za mipaina anapewa cheti cha mazingira, na bendi ya shule inampigia.

Sasa mtazame mninga, mti wa porini wenye mbao ambayo kila fundi seremala anaitamani. Tunda lake ni la duara, lina bawa pembeni na miiba katikati. Kulipasua kutoa mbegu ni kazi ya kuchoma vidole. Mbegu ikiota, kichipukizi kinatokeza na mvua, kiangazi kikiingia kinakauka hadi chini. Mvua nyingine kinatokeza tena, kinakauka tena. Kwa miaka kadhaa mmea unajenga mzizi tu, hadi siku mzizi unapotosha, ndipo shina linapanda bila kurudi nyuma. Mlete afisa na fomu yake baada ya miezi 12. Atakuta kijiti kikavu, ataandika "umekufa". Mlingoti uliopandwa siku ileile utakuwa umempita kichwa, nao ataupa alama ya vema. Kwa kipimo hicho mninga hauwezi kushinda hata siku moja.

Kuna jambo la kuudhi zaidi. Miombo ikikatwa huchipua yenyewe, kwenye visiki na mizizi. Msitu wa miombo uliochoka hauhitaji mche wa mtu. Unahitaji moto usipite na mkaa usichomwe mpaka machipukizi yakue. Ukienda pale na majembe kuchimba mashimo ya mipaina, unaling'oa shamba lililokwisha kuota.

Kitulo ndiko kosa hili linakoonekana wazi kuliko kote. Uwanda ule, kati ya Mbeya na Makete, ulitangazwa hifadhi ya taifa 2005 kwa sababu ya mimea yake, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Zipo aina zipatazo 45 za okidi za ardhini, na karibu zote zinaishi kwenye nyasi, juani. Mtu wa "panda mti" akisimama pale anaona eneo tupu. Apande kivuli cha mipaina, na okidi zimekwisha. Wala huwezi kuziotesha kwenye viriba ukazirudisha kirahisi, maana mbegu ya okidi haioti bila ukungu wake wa udongoni. Adui mwingine wa okidi ni jembe: viazi vyake huchimbwa vikauzwe Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na kabla ya hifadhi kutangazwa vilikuwa vikivuka mpaka kwa mamilioni. Kuzilinda ni kutochimba.

Tuje kwenye maji. Afrika Kusini walipima tangu miaka ya 1930, katika mabonde ya Jonkershoek, wakaona vijito vinapungua palipopandwa mipaina. Tangu 1995 serikali yao inalipa watu kung'oa miti ya kigeni mabondeni, na sheria yao ya maji ya 1998 inayahesabu mashamba ya miti kuwa yanapunguza mtiririko wa mto. Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Tembea kando ya kijito chochote cha Mufindi au Rungwe uhesabu milingoti iliyosimama ndani ya mita hizo. Sehemu ya maji ya Mufindi ndiyo inayoshuka Ruaha, Mtera, Kidatu na hatimaye bwawa la Julius Nyerere. Halafu umeme ukikatika tunailaumu TANESCO.

Wanaolielewa hili wapo, nao hawapigwi picha. Ni kamati za maliasili za vijiji, jumuiya za watumia maji, na vikundi vya akina mama wenye vitalu nyuma ya nyumba. Iringa haikuanza jana: mradi wa MEMA, kwa msaada wa Denmark, uliingia 1999 kusaidia vijiji kusimamia misitu yao ya miombo, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikazitambua hifadhi za misitu za vijiji. Kazi yenyewe haina shamrashamra. Nyasi zikianza kukauka wanafyeka njia ya kuzuia moto. Wanapokezana doria, wanamdai faini jirani ambaye kesho watakaa naye msibani. Mama anayeotesha mivengi, ndugu wa mzambarau, hana raha msimu wa matunda, kwa sababu mbegu ikikauka imekufa. Anaokota leo, anaotesha kabla wiki haijaisha. Taarifa ya wilaya haina safu ya kuandika "moto haukupita".

Nitaambiwa mti wa asili haulipi. Muulize anayekunywa ulanzi. Mlanzi ni mwanzi wa nchi hii. Chipukizi hukatwa ncha, likachongwa upya asubuhi na jioni, utomvu ukidondokea kwenye mbeta, na hakuna mradi uliowahi kuwaambia Wahehe na Wabena wautunze. Muulize muuza makusu wa barabarani, muuza asali, muuza uyoga wa msimu wa mvua. Uyoga ule unaishi na mizizi ya miombo. Ukifyeka miombo, umefyeka na kitoweo cha Januari.

Kwa hiyo Aprili Mosi ijayo nashauri viriba vibaki kitaluni. Fedha ya turubai na maji ya chupa iende kwenye mabuti na mapanga ya kamati za misitu. Mgeni rasmi apelekwe mtoni na tepe ya mita 60, akate milingoti itakayokutwa ndani yake, na arudi mwezi wa sita, maana kisiki cha mlingoti huchipua. Ikitokea wa kwanza kwenye tepe ni wa diwani, waanze na huo.