Malafyale hahukumiwi kwa miaka aliyokaa kitini

Madai mmeyasikia, wasomaji, vijiweni Tukuyu na hata misibani: malafyale, yaani chifu wa Kinyakyusa, aliyekuwa madarakani enzi za Mjerumani, akabaki kwa Mwingereza, alikuwa kibaraka. Ushahidi? Kwamba alidumu. Nimeyasikiliza kwa makini, na hayasimami.

Wanasema kwanza kuwa machifu wa Rungwe walimpokea Mjerumani kwa mikono miwili. Ni kweli wapo waliowapa wamisionari ardhi mwaka 1891. Lakini mwaka 1897 Wanyakyusa walipigana na Wajerumani, wakashindwa. Kama wote walikuwa vibaraka tangu mwanzo, vita hiyo ilipiganwa na nani? Na Waingereza walipoiteka Neu-Langenburg, yaani Tukuyu hii hii, Mei 1916, hakuna malafyale aliyeulizwa anamtaka bwana yupi.

Dai la pili ndilo zito: kwamba kukaa muda mrefu ni tamaa ya ukubwa. Anayesema hivyo ameisahau mila yetu. Malafyale hakutakiwa kudumu. Wanawe na rika lao wakishakomaa, ilifanyika ubusoka: moto wa zamani ukazimwa majumbani, mwingine ukapekechwa kwa vijiti, miti ikapandwa, na nchi ikagawanywa kwa wana wawili, baba yao yu hai. Kila kizazi, nchi moja ikazaa mbili. Kisha ikaja sheria ya 1926 ya mamlaka za wenyeji, na pamoja nayo orodha ya machifu wenye mshahara na baraza. Serikali haikuwa tayari kuongeza mishahara kila vijana walipobalehe. Ubusoka ukabanwa, mzee akabaki kitini. Simtetei kwa kila jambo: mshahara aliupokea na kodi aliikusanya. Ashitakiwe kwa hayo, lakini urefu wa utumishi wake ulipangwa ofisini kwa DC.

Watu hao hao hudai Rungwe ilikuwa na chifu mkuu mmoja tangu kale. Nchi iliyogawanyika kila kizazi ingempata wapi? Lwembe wa Lubaga aliheshimiwa kwa matambiko. Hakuwa mtawala wa Wanyakyusa wote.

La mwisho, eti machifu walifutwa mwaka 1963 kwa kuwa walikuwa maadui wa uhuru. Basi tuelezwe habari za Adam Sapi Mkwawa. Alikuwa chifu wa Wahehe tangu 1940, chini ya Mwingereza. Mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge la Tanganyika huru, akakaa hadi 1973, akarudi 1975 na kuendelea hadi 1994, mfumo wa vyama vingi ukiwa umekwisha kurejea. Nyerere alifuta cheo. Watu wenyewe aliwapa kazi.

Anayetaka kumhukumu malafyale yeyote na alete kesi aliyoiamua, kodi aliyoitoza, ardhi aliyoitoa na aliyempa. Akileta hesabu ya miaka peke yake, shauri hilo litupeni.