Kiswahili Si Kirefu, Sentensi Yangu Ndiyo Ndefu

Malenga wenzangu, miezi michache iliyopita kijana mmoja wa hapa Tanga, fundi wa michezo ya simu, aliniletea kazi ambayo sikuwahi kudhani kuwa ni ya mshairi. Ametunga mchezo wa mdundo: wimbo wa chakacha unapigwa, alama zinateleza kutoka kulia kwenda kushoto, na mchezaji hugusa kioo pale alama inapoingia kwenye duara. Waliojaribu mwanzo hawakuelewa wafanye nini. Akaniomba maelekezo ya Kiswahili yatakayotokea kiooni wakati mtu anajifunza.

Nikaandika kwa madaha: “Tafadhali bonyeza upande wa kushoto wakati alama inapofika kwenye duara.” Sentensi safi, haina doa la sarufi. Tukampa mjukuu wangu wa miaka 9. Alama zilimpita moja baada ya nyingine, naye bado anasoma.

Nilipohesabu, niliona haya. Wimbo ule una midundo 120 kwa dakika, kila mdundo nusu sekunde, na alama huvuka kioo kwa midundo minne. Sekunde 2 tu! Nami nimemtwika mtoto mizani 30, pungufu ya mizani 2 tu kufikia mishororo miwili ya shairi la mizani 16. Kijana akatikisa kichwa: “Mwalimu, Kiswahili ni kirefu. Tuweke picha tu.”

Kauli hiyo ilinichoma, kwa kuwa naisikia kila mahali. Wanaisema kuhusu menyu za simu na mashine za kutolea fedha, na kwa kisingizio hicho lugha yetu huachwa nje ya mlango. Urefu ule ulikuwa wangu mimi, mtu niliyezoea kuandika barua.

Hata hivyo, picha tuliijaribu. Akachora mkono unaopungapunga pembeni mwa kioo. Mtoto akaupungia, akidhani unamuaga. Kubwa zaidi, mkono ule ulicheza kwa mwendo wake wenyewe, haukufuata ngoma; macho ya mtoto yakafuata mkono, na vidole vyake vikakosa kila pigo. Katika mchezo wa namna hii, ikoni inayojongea ni mpiga ngoma wa pili. Ikitoka nje ya mdundo, inaharibu wimbo mzima.

Nikamweleza kijana habari za Taiko no Tatsujin, mchezo wa Wajapani uliotoka mwaka 2001. Alama nyekundu ni pigo la katikati ya ngoma, ya buluu ni la ukingoni, na chini ya alama huandikwa silabi za mlio: “don”, “ka”. Silabi hizo hazikubuniwa na watu wa kompyuta. Ndivyo wapigaji wa taiko wanavyofundishana tangu zamani, kwa kuitamka ngoma mdomoni. Sisi wenye hazina ya tanakali za sauti tunashindwa nini? Tukaandika “du” kwa pigo la katikati na “ta” kwa la ukingoni, na kila ikoni ikafanywa iruke mara moja kwa kila mdundo, hairuki kabla wala baada. Maelezo marefu tukayaweka kabla wimbo haujaanza, mahali ambapo msomaji hana haraka.

Zikabaki amri. Hapa ndipo elimu ya shadda iliponifaa kuliko mashine yoyote. Shadda yetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno “bonyeza” likianza kutamkwa pamoja na pigo, uzito wake unakuja kwenye “nye”, pigo limeshapita. Lakini neno la silabi 2 lina uzito wake mwanzoni kabisa: piga, gonga, shika. Likitokea pamoja na mdundo, hutua juu yake barabara. Kumbe vitenzi vyetu vifupi viliumbwa kwa ngoma, na mimi nilikuwa nikivikimbia nikidhani havina adabu ya kutosha. “Tafadhali” nimeifuta. Hakuna mpiga ngoma anayemwambia mwenziwe tafadhali katikati ya wimbo.

Mjukuu wangu sasa hucheza hadi mwisho, na huyatamka mapigo kwa mdomo hata simu ikiwa imezimwa.

Jambo moja limenishinda. Kuna alama ndefu inayotaka kidole kikae kiooni, kisha kiondoke. Kwa kukaa, “shika” imefaa. Kwa kuondoka, “achia” ina silabi 3, na shadda yake imechelewa kama ile ya “bonyeza”. Nikaweka “acha”, mtoto akaiweka simu mkekani, akaniuliza, “Babu, nimekosa nini?” Kwa sasa imeandikwa “toa”, nayo hainikai vizuri: atoe nini? Mwenye kitenzi cha mizani 2 kinachomwambia mtu anyanyue kidole bila kumfukuza mchezoni, namsihi asikae nacho.