Helikopta za kivita sawa, roketi zake zitalala wapi?

Pale kijiweni kwetu Mbagala Kizuiani, mada ya Simba na Yanga ikishachosha huwa tunahamia kwenye silaha. Kuna kijana wa bodaboda ambaye simu yake imejaa helikopta za kivita: Mi-28 za Uganda, MD 530 za Kenya, Rooivalk za Afrika Kusini. Juzi aliniwekea simu mkononi akauliza kwa uchungu kabisa, "Mzee, na sisi za kwetu ziko wapi?"

Ziko wapi au hazipo, hilo wanalijua wenye jeshi lao. Mimi ni fundi wa magari makubwa, nilianzia kwenye karakana za Barabara ya Pugu kabla haijaitwa Nyerere, na leo nina gereji yangu. Lakini ukiniuliza kama ningependa JWTZ ipate helikopta za mashambulizi za kutosha, jibu langu ni ndiyo, na sababu naitaja kwa jina: Semuliki.

Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wetu, waliokuwa kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa, kule Semuliki, upande wa Beni, mashariki mwa Kongo, ilivamiwa. Vijana wetu wakapigana kwa saa nyingi hadi usiku mkubwa. 14 walikufa pale pale, wa 15 akafuata baadaye. Ripoti ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Machi 2018 ilisema wazi kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea nguvu wala kuwatoa, na kwamba kati ya vilivyokosekana ni ndege. Linganisha na miaka minne nyuma yake. Mwaka 2013 brigedi ile ile ya Umoja wa Mataifa, Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa kwetu, iliwatoa waasi wa M23 kwenye vilima vya mpakani ikisaidiana na jeshi la Kongo. Novemba mwaka huo Rooivalk zilifyatua roketi zake vitani kwa mara ya kwanza, na kesho yake M23 walitangaza kuweka silaha chini. Askari wa miguu anayesikia helikopta ya upande wake juu ya kichwa anapigana kwa moyo mwingine. Hilo silibishii.

Ninachobishia ni picha za kwenye simu. Kwenye picha chombo kinang'aa, kina roketi pembeni na mzinga mdomoni, na hakuna anayepiga picha ghala la spea.

Waulizeni Waganda. Mwaka 1998 walinunua Mi-24 nne kutoka Belarus. Mkataba ulitaka ziwe zimefanyiwa matengenezo makubwa kabla ya kuja. Zikashuka mbili Entebbe, mafundi wakafungua, wakakuta chuma chakavu kisichofaa kuruka. Tume ya Jaji Julia Sebutinde, ambaye baadaye alikwenda kuketi Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, ilisikia habari za kamisheni ya dola 800,000 kwa Jenerali Salim Saleh, mdogo wake Rais. Mimi hiyo naielewa vizuri sana, maana ndivyo malori ya mtumba yanavyouzwa: bodi imepigwa rangi mpya, injini inavuja, na aliyeleta mteja ameshachukua chake kabla gari halijawashwa. Si kila anayenunua mashine amepata mashine.

Hata ukipata nzima, kazi haijaisha. Agosti 2012 Mi-24 tatu za Uganda, zikiwa njiani kwenda Somalia, zilianguka Mlima Kenya siku moja. Hakuna adui aliyezigusa. Afrika Kusini wao waliunda Rooivalk kwa mikono yao, wakalipatia jeshi lao 12, na bado zinazoweza kuruka kwa wakati mmoja ni chache, kwa sababu ya fedha na spea. Hao ni watu wenye viwanda. Sisi ambao hata boliti inabidi tuagize, tujiulize mara mbili.

Kuhusu bei, Watanzania hatuna haja ya kwenda Kampala kutafuta mfano. Tuna rada. Tuliinunua kwa BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, wakati Benki ya Dunia na hata waziri wao wenyewe, Clare Short, wakisema ni ghali mno kwa nchi kama yetu. Zaidi ya dola milioni 12 zikapitia kwa dalali. Desemba 2010 kampuni ilikiri mahakamani London kwamba haikuweka hesabu zake sawasawa, ikapigwa faini ya pauni 500,000 na kukubali kutulipa pauni milioni 29.5. Ndiyo hiyo iliyoitwa chenji ya rada, ikanunua vitabu na madawati. Ukipiga hesabu utaona ajabu yake: chenji ilizidi bei. Hapa nyumbani sijasikia aliyelala jela kwa rada ile.

Wakenya nao waliponea chupuchupu. Januari 2017 serikali ya Marekani iliidhinisha wauziwe ndege 12 za Air Tractor, ile ya kunyunyizia dawa mashambani ikafungwa silaha, pamoja na vifaa na mafunzo kwa hadi dola milioni 418. Aliyepiga kelele ni mbunge wa huko huko Marekani, Ted Budd, kwa kuwa jimboni kwake kulikuwa na kampuni iliyosema inaweza kuzitoa kwa bei nafuu zaidi. Alikuwa anatetea tumbo la watu wake, sawa, lakini kelele zake zilimfanya kila Mkenya ajue bei. Ndege zile hazikufika.

Sasa nije nyumbani, maana hapa ndipo vijana wa kijiweni hunikatiza.

Helikopta ya kivita bila roketi ni teksi ya gharama. Roketi zinakuja kwa makasha, zinahitaji ghala, na ghala linahitaji jirani. Jirani huyo nimekuwa mimi. Jumatano ya tarehe 29 Aprili 2009, kabla ya adhuhuri, nilikuwa chini ya Scania nafungua springi, ardhi ikanipiga mgongoni. Nilidhani jeki imeteleza. Nilipotoka, bati la choo cha jirani lilikuwa barabarani na moshi umesimama juu ya kambi ya jeshi ya hapa Mbagala: ghala la mabomu lilikuwa linalipuka. Vilivyokuwa vinapiga mluzi juu yetu vilikuwa mali ya jeshi letu wenyewe. Watu walikimbilia Mtoni, wengine Kongowe, kila mtu alipoelekea mguu wake. Mke wangu alirudi jioni akiwa ameshika mtoto asiyemjua, na mama wa mtoto tulimpata kesho yake. Kipande cha chuma, kirefu kama kiganja, kilikaa kwenye mpapai wetu hadi askari walipopita kuvikusanya. Tulikuwa tumekatazwa tusiguse chochote. Zaidi ya watu 20 walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Tukaambiwa haitatokea tena. Tarehe 16 Februari 2011, Jumatano nyingine, ikawa zamu ya Gongo la Mboto, usiku. Wakafa tena zaidi ya 20, uwanja wa ndege ukafungwa, na maelfu wakalala Uwanja wa Uhuru.

Wapo wanaosema sisi ndio tuliifuata kambi, kwamba ilipojengwa kulikuwa na mikorosho na minazi tu. Ni kweli. Lakini viwanja tuliuziwa mbele ya serikali ya mtaa, nguzo za umeme zikaletwa, kodi ya majengo ikadaiwa, na leseni ya makazi wengine wanayo kabatini. Mvamizi gani anatumiwa bili? Na hata kama kosa lilikuwa letu, bomu halisomi hati ya kiwanja.

Kwa hiyo mbunge wetu asije Rangi Tatu kutuambia ni siri za nchi. Aina ya roketi iwe siri, na idadi yake pia, sina shida. Bei haiwezi kuwa siri kwa Kamati ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama, wala kwa CAG. Wapewe mkataba wote, dalali akiwemo, kabla ya fedha kutoka na si baada ya Waingereza kutufichulia. Ndani ya bei hiyo hiyo iwemo spea ya miaka kumi na mafunzo ya mafundi wetu. Na gharama ya ghala jipya, mbali na watu, iandikwe kwenye mkataba huo huo, kwa sababu likiachiwa bajeti ya mwaka mwingine litasahaulika. Kambini Ngerengere kuna nafasi. Kambini Ukonga hakuna, nyumba zimefika ukutani. Kama ghala halijajengwa, helikopta zisubiri huko huko kiwandani.

Kijana wa bodaboda alinisikiliza, akaniambia naongea hivyo kwa sababu nimezeeka. Yeye amepanga chumba mwaka jana, mtaa wa pili kutoka ukuta wa kambi.